Doña Plácida na Funguo za Shule Mbili

Doña Plácida Laruta mwenyewe ndiye aliyefunga lango siku ile waliyomwita mwizi. Ndiyo desturi yetu hapa Kunturpata, mtaa wa El Alto juu ya jiji la La Paz: mkutano wa wazazi ukianza, lango linatiwa kufuli ili mtu asitoroke kabla ya kura, na asiyehudhuria bila sababu hupangiwa kufagia uwanja mwezi mzima. Funguo zote huwa kwake. Kwa hiyo saa nne asubuhi, Jumamosi moja ya Juni, alisimama langoni na shali yake ya kahawia, akangoja wachelewaji wawili wa mwisho wapite, akafunga, akalivuta kufuli mara mbili kuhakikisha, halafu akaja kuketi kwenye benchi karibu na bomba. Hakujua mkutano ulikuwa wa nini. Mimi pia sikujua.

Jengo letu ni moja, shule ni mbili. Asubuhi linakuwa shule yenye jina lake, mwalimu mkuu wake, bendera yake na kamati yake ya wazazi. Saa saba mchana watoto wale wanatoka, wanaingia wengine, na jengo lile lile linakuwa shule nyingine, yenye jina jingine na mwalimu mkuu mwingine. Chaki ya asubuhi hufungiwa katika kabati la asubuhi. Mipira ya mchana hufungiwa katika kabati la mchana. Kiti kikivunjika, kila upande huapa kimevunjwa na upande wa pili. Mtu mmoja tu ndiye wa shule zote mbili, naye ni Doña Plácida. Anaishi ndani, katika chumba kidogo kando ya lango.

Siku hiyo kamati zote mbili zilikuwa zimeitana, jambo ambalo halitokei mpaka kuwe na balaa. Tulikuwa watu kama mia tatu uwanjani, wanawake na sketi zao za marinda na kofia zao za duara, wanaume mikono mifukoni kwa baridi. Doña Vilma Calisaya, mwenyekiti wa wazazi wa asubuhi, alipanda kwenye jukwaa la bendera na karatasi mkononi. Doña Vilma anauza viatu sokoni, na sauti yake imezoea kushindana na vipaza sauti vya majirani.

“Ndugu wazazi, barua hii imetoka wilayani. Inasema mwezi Desemba jengo hili lilipokea kompyuta ishirini na nne. Ishirini na nne! Nani kati yenu ameziona?”

Akaizungusha karatasi wote waione.

“Mtoto wa nani amewahi kugusa hata moja?”

“Wangu anagusa simu yangu tu, na akiigusa vocha imekwisha,” alisema Don Fortunato Ticona, mwenyekiti wa wazazi wa mchana, na watu wakacheka. Ujanani Don Fortunato alikuwa mchimba madini, na mpaka leo anaongea kama mtu anayeita kutoka ndani ya shimo.

“Cheka tu, Don Fortunato. Sahihi ya kuzipokea ni ya mwalimu mkuu wenu wa mchana.”

Kicheko kikakatika hapo hapo. Mwalimu Encinas, aliyekuwa mkuu wa shule ya mchana, tulimzika Februari, wiki ya Karnivali. Moyo wake ulisimama akiwa anafunga kamba za viatu.

“Marehemu haulizwi,” Doña Vilma akaendelea. “Lakini kompyuta ziliingia stoo. Stoo ina kufuli, kufuli lina ufunguo, na ufunguo una mwenyewe. Jumatano mkaguzi anakuja. Asipoziona tutaandikwa shule ya wezi, na tusahau kuletewa hata ufagio. Doña Plácida, simama.”

Alisimama. Ni mwanamke mfupi, mikono mikubwa, nywele zimesukwa misuko miwili inayofika kiunoni, na siku hizi nyeupe imeshinda nyeusi.

“Ziko wapi?”

“Mimi kompyuta sijaziona, mama. Stoo naona madawati mabovu na ngoma za bendi.”

“Ufunguo ni wa nani?”

“Wangu.”

“Basi?”

“Basi nini, Doña Vilma? Ufunguo wangu, wizi si wangu.”

“Binti yake ana karakana ya kushona kule Brazili!” sauti ya mwanamke ikatoka nyuma. “Hizo cherehani ziliota kama viazi?”

Watu wakaguna. Nilikuwa nimesimama karibu na ukuta wa vyoo, mahali ninapopenda kusimama kwenye mikutano. Kompyuta zile nilijua zilipo. Nilizijengea ukuta kwa mikono yangu.

Ilikuwa Januari, shule zimefungwa. Doña Plácida alikuwa amekwenda Oruro kumwona dada yake, akawa ameacha funguo kwa Mwalimu Encinas. Mwalimu akanijia nyumbani Jumapili, akaniuliza kama nina matofali kidogo na siku moja ya nafasi. Alinionyesha maboksi mwishoni mwa stoo, yamefunikwa turubai.

“Fundi Eulogio,” aliniambia, “wa asubuhi wakiziona hizi, Machi hatutakuwa na hata moja. Redio walichukua, wakasema yao. Ramani walichukua. Wacha zikae mpaka tupate chumba chenye mlango wa chuma. Tunajua mimi na wewe na ukuta.”

“Na kamati yako?”

“Kamati yangu ina mashemeji asubuhi. Apa.”

Nikaapa. Nilijenga ukuta kukata ile stoo, mita moja kutoka ukuta halisi, nikaupiga lipu, nikaupaka rangi ile ile ya kijani, tukasukuma madawati mabovu mbele yake. Mtu asiyekuwa fundi asingeona kitu. Alipokufa nilidhani amekwisha kumwambia mtu mwingine. Mtu msomi kama yule, nilijiambia, hawezi kuacha jambo kama lile mikononi mwa fundi mwashi. Nikaliacha hapo.

Sasa ilibidi niseme. Maneno yalikuwa machache: ziko nyuma ya ukuta, aliniagiza marehemu. Lakini ni nani angekuwa shahidi wangu? Karatasi sina, aliyeniagiza yuko kaburini. Na kila anayeishi kwetu huku juu El Alto anajua masanamu ya matambara yanayoning’inia kwenye nguzo za taa, na maandishi ya rangi kwenye kuta kuhusu mwizi atakavyofanywa akishikwa. Si mapambo yale. Nikaona watu mia tatu na lango lililofungwa, na ulimi ukaganda.

Kunyamaza nilijifunza shuleni humo humo. Wakati wangu, mwaka wa sabini na tisa, ilikuwa chumba kimoja cha matofali ya udongo, paa la mabati limekandamizwa kwa mawe. Mtoto aliandikishwa kwa matofali kumi. Mimi na baba yangu tuliyaleta kwa toroli la kuazima, safari mbili. Mwalimu alikuwa anapanda kutoka La Paz kila asubuhi, na hakutaka kusikia Kiaymara. Neno moja la nyumbani likikuponyoka, ulikusanya ncha za vidole pamoja akazipiga kwa rula, na mwezi wa Juni vidole tayari vimekufa kwa baridi. Mtoto mwenye Kihispania kibovu aligundua mapema kwamba asiyesema hapigwi. Nilisoma miaka mitano nikatoka najua kuandika, kuzidisha na kukaa kimya. Siku hizi Kiaymara kimeandikwa juu ya lango kwa rangi nyekundu, na binti yangu wa mwisho anapewa alama kwa maneno yale yale yaliyonivimbisha vidole. Ananisahihisha hata matamshi.

Doña Plácida alikuja mwaka wa themanini na sita, migodi ilipofungwa. Yalikuja malori na malori ya familia za wachimbaji, magodoro juu, kuku chini. Mwaka mmoja tu watoto themanini wakawa mia tatu. Hapo ndipo ilipozaliwa zamu ya mchana, kwa sababu chumba hakikutosha, na zamu ikakua ikawa shule, na shule ikajitafutia jina. Yeye alikuwa na miaka ishirini na moja, mjane, na mtoto mgongoni. Mapafu ya mumewe yalikuwa yamebaki mgodini. Wazazi wa wakati ule, baba yangu akiwamo, walimjengea chumba kando ya lango: afagie, apige kengele, alinde, akae. Mshahara haukutajwa. Haujatajwa mpaka leo. Wilaya haimjui kwa sababu hayumo katika karatasi zao. Chumba kile ndicho malipo yake na ndiyo nyumba pekee aliyo nayo duniani.

Wakati ule shule nzima ilikuwa na kufuli moja, la kuzuia mbwa. Yeye alikuwa anachemsha maziwa ya unga kwenye pipa, na kabla ya kumpa mtoto kikombe alimshika mikono kwanza, akijua kwa ubaridi wa vidole nani ametoka nyumbani bila kula. Huyo alipata cha pili. Halafu likaja jengo la ghorofa tatu na vioo vya buluu, kifungua kinywa kikaanza kuletwa kwa lori ndani ya pakiti, na kamati ikamkataza kuuza maharage yake ya kuchemsha na jibini wakati wa mapumziko, eti usafi. Hakulalamika. Kila mwaka yakazidi makabati, na kila kabati na ufunguo wake. Kwenye pete yake siku hizi kuna thelathini na moja.

“Tukague chumba chake!” mtu akapiga kelele, na uwanja mzima ukaitikia.

Walianza na stoo, akawafungulia mwenyewe, wakaona madawati mabovu na ngoma tu; kisha wakaingia chumbani kwake, wakatoa kila kitu nje. Kitanda, jiko la gesi, cherehani ya mkono, sanduku la bati, gunia la viazi vilivyokaushwa, picha ya binti yake amesimama mbele ya ghorofa za Brazili. Doña Vilma mwenyewe alifungua sanduku na kutoa nguo moja moja, mpaka zile ambazo mwanamke hatoi mbele ya wanaume. Doña Plácida hakusogea. Alisema tu, “Hiyo ikunje vizuri, Doña Vilma, ndiyo ya kuzikiwa,” na Doña Vilma akairudisha haraka kama imemuunguza.

Kompyuta haikuonekana hata moja.

“Unaona?” alisema Don Fortunato. “Mama wa watu hana kitu. Tumwache.”

“Hana kwa sababu ameshauza!” Doña Vilma alikuwa mwekundu usoni. Nadhani tayari alikuwa na aibu, na mtu mwenye aibu mbele ya watu mia tatu hurudi nyuma kwa shida. “Au ninyi wa mchana mnamlinda kwa sababu mlikula naye?”

Hilo lilimnyamazisha Don Fortunato. Baada ya hapo hapakuwa na mtu wa mchana aliyethubutu kumtetea, asije akahesabiwa katika wizi. Hata niliowaona wakipewa kikombe cha pili utotoni wakatazama viatu vyao.

Vijana wawili wakakaza matambara kwa kamba, wakafanya sanamu, wakalifunga misuko miwili ya sufu nyeusi kwa nywele, wakalitundika kwenye nguzo ya taa ya uwanjani. Lilikuwa linazunguka taratibu kwa upepo. Kichwani walilivika kofia yake mwenyewe, waliyomvua pale pale.

Kura ikapigwa kwa mikono. Aondoke leo kabla ya jua kuzama. Funguo akabidhi sasa hivi. Chumba kizibwe mlango kwa matofali asirudi usiku, na baadaye kiwe ofisi ya kamati. Mikono ikapanda kama msitu. Na wangu je? Wangu ulipanda nusu, mpaka usawa wa bega. Sitadanganya hapa.

Doña Plácida akavua pete ya funguo kiunoni. Akaiweka kwenye kiganja cha Doña Vilma.

“Mkubwa wa shaba ni wa maktaba, una mtindo wake. Unauinua kidogo kabla ya kuzungusha. Ukilazimisha utakatika.”

“Tutajua wenyewe.”

“Haya mama.”

Ndipo nikaitwa.

“Fundi yuko wapi? Fundi Eulogio! Mmemwona Fundi Kimya?”

“Huyo hapo, ameegemea choo kama kawaida yake!”

“Fundi, matofali ya choo yamebaki pale, na saruji ipo. Ziba.”

Watu walinipisha. Nikasema nitafuata vifaa nyumbani, nikidhani nikitoka nitapata pumzi, labda hata nisirudi. Doña Vilma akanitikisia funguo usoni. “Hatoki mtu. Vifaa vyako viko nyuma ya choo tangu Alhamisi, nimeviona.” Kweli vilikuwepo. Nilikuwa nimeviacha mwenyewe.

Nikachanganya mchanga na saruji. Nikaloweka matofali. Sikuharakisha, lakini mkono wa fundi una mazoea yake, hata moyo ukikataa mkono unafanya. Nikavuta uzi mlangoni, nikaweka mstari wa kwanza. Doña Plácida alikuwa ameketi juu ya sanduku lake hatua tatu kutoka kwangu, kichwa wazi, kofia yake iko juu ya nguzo. Nilikuwa sijawahi kumwona bila kofia. Nikaweka mstari wa pili.

“Fundi,” alisema.

Sikuinua macho.

“Hilo tofali la kushoto limeinama. Weka pima maji. Hata kama ni kwa mwizi, jenga wima.”

Watu wa karibu wakacheka. Nikaweka pima maji, na kweli lilikuwa limeinama. Nikaligonga kwa mpini wa mwiko likakaa sawa. Nikaweka mstari wa tatu. Ukuta ukafika usawa wa goti. Ndani ya chumba niliona msumari ilipokuwa imetundikwa picha ya binti yake, na chini yake ukutani palikuwa na doa la mafuta, mahali ambapo kichwa cha mtu kimeegemea miaka thelathini na saba.

Nikaweka mwiko chini. Nikachukua nyundo kubwa na tindo.

“Fundi, umechoka?” Don Fortunato aliuliza. “Au unataka soda?”

“Nifungulie stoo,” nilimwambia Doña Vilma.

“Nini?”

“Stoo. Ifungue.”

“Bubu kasema!” mtu alipiga kelele, na kicheko kikapita uwanja mzima.

“Stoo ya nini? Tulishaingia asubuhi, hamna kitu. Rudi kwenye kazi yako.”

Nilitaka kueleza. Sentensi nilikuwa nayo yote kichwani tangu saa nne, lakini nilipofungua mdomo hakikutoka kitu. Basi nikaanza kutembea. Nilipita katikati ya watu na nyundo mkononi, na labda kwa sababu ya nyundo walinipisha. Nyuma yangu nikasikia miguu, kwanza michache, halafu mingi. Doña Vilma alinipita akikimbia, akafika mlangoni mwa stoo kabla yangu, akajaribu ufunguo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hakuujua. Tukamgoja. Akajaribu wa saba, wa nane. Jasho lilimtoka katika baridi ile. Mwisho sauti ya Doña Plácida ikasikika kutoka nyuma ya umati:

“Mfupi, wenye uzi mwekundu.”

Mlango ukafunguka.

Nikaondoa madawati. Hakuna aliyenisaidia, walisimama kunitazama kama mtu mwenye kichaa. Nilipoufikia ukuta wa kijani nikaweka tindo pale nilipojua tofali la mwisho limekaa, nikapiga. Lipu ikadondoka. Nikapiga tena. Tofali likaingia ndani, na tukasikia likigonga kitu kisicho ukuta.

“Kuna nini huko?” Don Fortunato alinong’ona, yeye asiyejua kunong’ona.

Nikavunja mpaka pakatosha mtu kupitisha bega. Nikavuta turubai. Boksi la kwanza likatoka na vumbi lake, nembo ya wilaya imebandikwa, gundi haijaguswa. La pili. La tatu. Nikayapitisha nyuma moja moja bila kugeuka. Yalipofika ishirini na nne nikasikia kimya, na kimya kile ndicho kilichonitoa maneno.

“Aliniagiza marehemu Mwalimu Encinas,” nilisema, nikiuangalia ukuta. “Januari. Aliogopa asubuhi watazichukua. Doña Plácida alikuwa Oruro.”

Mnafikiri walimkimbilia Doña Plácida wamwombe radhi? Don Fortunato ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema.

“Basi kumbe ni zetu! Za mchana! Sahihi ya nani? Ya mchana!”

“Barua inasema jengo, mzee, husomi?”

“Nasoma vizuri kuliko muuza viatu!”

“Shika ulimi wako, Don Fortunato!”

Watu wakaanza kuvuta maboksi huku na huku, mbele yangu, juu ya vifusi. Kisha mmoja akakumbuka kuwa mimi nipo. Nilishikwa ukosi kwa nyuma, nikavutwa mpaka uwanjani, visigino vikiburuzika. “Huyu ndiye mwizi mwenyewe! Alingoja tusahau azichukue! Ukuta aliujua yeye!” Mtu alinipiga ngumi ya mgongo, mwingine akataja petroli. Niliona binti yangu hayupo, nikashukuru; watoto hawaji mikutanoni.

“Mwacheni,” Doña Plácida alisema. “Huyo ni wangu.”

Hakupaza sauti. Lakini ni sauti ambayo nusu ya watu wale waliisikia kila asubuhi tangu wakiwa na miaka sita, ikiwaambia waingie darasani. Mkono ukaachia ukosi wangu.

Akatembea mpaka kwa Doña Vilma, akanyoosha kiganja. Doña Vilma akamtazama, akatazama watu, kisha akaweka pete ya funguo juu yake.

“Sasa,” alisema Doña Plácida, akaketi tena juu ya sanduku lake, “lango limefungwa na funguo ninazo. Leteni daftari la mkutano.”

“Mama yangu, tumeshaelewana, mambo yamekwisha,” alisema Don Fortunato. “Watu wana njaa.”

“Mimi pia sijala. Andikeni. Kwamba mimi si mwizi. Kwamba chumba ni changu mpaka nife au niseme nimechoka. Asubuhi watie sahihi, mchana watie sahihi. Mmoja mmoja. Na asiyejua kuandika atie kidole, kama mimi.”

“Wote mia tatu?”

“Mikono iliyopanda ilikuwa mia tatu.”

Doña Vilma aliandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, akafuta, akaandika tena. Kisha, bila kuambiwa, akaegemeza ngazi kwenye nguzo, akakusanya marinda yake kwa mkono mmoja, akapanda. Aliikata kamba ya sanamu, akashuka na ile kofia, akaifuta vumbi kwa mkono wa sweta. Akamkabidhi Doña Plácida kwa mikono miwili. Doña Plácida akaivaa, akaiweka upande kidogo kama kawaida yake.

“Asante, mama. Nenda katie sahihi.”

Foleni ilichukua muda mrefu. Kila aliyetia sahihi alipewa kitu cha kurudisha chumbani: huyu jiko, huyu godoro, huyu gunia, ndipo akafunguliwa lango. Mimi niliondoa mistari mitatu ya matofali mlangoni kwa mikono mitupu. Saruji ilikuwa bado mbichi, ikatoka kirahisi. Kisha nikashika cherehani nimwingizie.

“Hiyo acha.”

Nikaiacha.

Uwanja ulipokuwa umebaki na watu wachache, akaniita pale alipoketi.

“Nilijua stoo imepungua,” alisema. “Ngoma hazikuingia kama zamani. Nikadhani ni macho yangu yanazeeka. Wewe ulijua tangu saa ngapi kwamba ndizo wanazotafuta?”

“Tangu saa nne. Barua iliposomwa.”

“Na uliomba kufunguliwa stoo saa ngapi?”

“Saa tisa na kitu.”

Alihesabu kwa vidole, polepole, akikunja kimoja kimoja. Alipofika cha tano akabaki amekishika.

“Miaka yote hii napita nje ya madarasa na ufagio, nasikia mwalimu anauliza na watoto wanakaa kimya. Nimejua kutofautisha. Kuna kimya cha mtoto asiyejua jibu, na kuna kimya cha anayelijua.”

Akakiachia kile kidole cha tano.

“Jumatatu uje. Ule ukuta uuvunje wote mpaka chini, usafishe matofali, uyapange pale. Hulipwi.”

“Nitakuja.”

“Na ukifika usipite kama paka. Uniamkie kutoka langoni, nikusikie nikiwa ndani.”

Nikaitikia kwa kichwa.

“Sikusikii, Eulogio.”

“Ndiyo, Doña Plácida,” nilisema.

“Bado.”

“Ndiyo, Doña Plácida!” nikasema, na watu waliokuwa kwenye foleni wakageuka kutazama.